Python ya hesabu kwenye maabara isiyo na intaneti ya uhakika

Mwanafunzi anayeanza hapaswi kumaliza kipindi cha kwanza akihangaika na usakinishaji wa Python, lugha ya programu, na maktaba zake za hesabu. Ikiwa maabara yako ina mashine za Windows na intaneti ya kubahatisha, pakua kila kitu mara moja, weka kwenye fleshi, kisha upite nayo mashine kwa mashine.

Kwenye kompyuta yenye bando, sakinisha Python 3.12 ya biti 64 kutoka python.org. Chomeka fleshi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), uandike amri hii ya pip, programu inayopakua na kusakinisha maktaba za Python:

py -3.12 -m pip download numpy sympy matplotlib -d E:\vifurushi

NumPy ni maktaba ya hesabu za namba, SymPy ya aljebra, na Matplotlib ya kuchora grafu. Herufi E ni ya fleshi; kwako huenda ni D au F. Nakili na kisakinishi cha Python chenyewe humo humo. Vyote kwa pamoja havifiki MB 100.

Angalia majina ya mafaili. Faili la NumPy lenye cp312 na win_amd64 linaikubali Python 3.12 ya biti 64 tu. Ukilipeleka kwenye 3.11 au Python ya biti 32, utaambiwa "No matching distribution found", na utadhani faili halipo ilhali unaliona. Sakinisha toleo moja kila mahali. Windows 7 haipokei Python kuanzia 3.9, kwa hiyo mashine hizo ziandalie folda yake ya 3.8.

Maabarani, endesha kisakinishi cha Python, tia tiki "Add python.exe to PATH", ingia "Customize installation", uchague kusakinisha kwa watumiaji wote. Kisha bofya kulia Command Prompt, "Run as administrator":

py -3.12 -m pip install --no-index --find-links=E:\vifurushi numpy sympy matplotlib

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukifungua dirisha la kawaida, pip haigomi. Inaandika "Defaulting to user installation" na kuweka vifurushi kwenye akaunti yako peke yako. Ukijaribu, mambo safi. Kesho yake mwanafunzi anaingia kwa akaunti yake, anakutana na ModuleNotFoundError, yaani maktaba haionekani. Basi jaribu kwa akaunti ya mwanafunzi, si ya kwako:

import sympy as sp
x = sp.symbols("x")
print(sp.solve(x**2 - 5*x + 6, x))

Jibu ni [2, 3]. Ukijaribu kuchora grafu, Matplotlib huchelewa mara ya kwanza kwa kila akaunti kwa sababu inaorodhesha fonti. Wasiifunge wakidhani imeganda.

Habari za venv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa kila mradi) ziache kwanza. Kwa wiki za mwanzo zinaongeza mkanganyiko tu. La muhimu zaidi ni jina la faili. Mwanafunzi akihifadhi kazi yake kama sympy.py, Python huanza kutafuta kwenye folda ya kazi hiyo, inalikuta faili lake badala ya maktaba, na kosa linataja "partially initialized module". Usisakinishe upya chochote. Mwambie abadilishe jina la faili, aendeshe tena.