Manjano ilipogeuka nyekundu: sanaa na watoto 86

Miaka miwili ya mwanzo nilifundisha sanaa kwa chaki. Nachora nyumba ubaoni, wanafunzi 86 wa Darasa la Nne wanainakili kwenye madaftari, nasahihisha, kipindi kimekwisha. Nyumba ile niliichora na bomba la moshi juu ya paa. Hapa Muheza sijawahi kuona nyumba yenye bomba la moshi, lakini madaftari yote yalikuwa nalo. Jioni moja niliyapanga mezani, nikaona nyumba ileile kila ninapofunua, na nikaumia kweli, kwa sababu sikuweza kumtambua mtoto hata mmoja kwa mkono wake.

Rangi za dukani kwa idadi ile hazinunuliki, na kipindi ni dakika 40. Mara ya kwanza kujaribu rangi, nusu ya muda iliishia kwenye kugawa, ndoo ikapinduka, na mwalimu wa Hisabati aliyefuata akakuta sakafu imelowa. Alinisema, na alikuwa na haki.

Kilichonikomboa ni trei za mayai. Trei moja ina mashimo 30. Nikiikata sita sita napata vipande vitano. Ndani ya kila shimo naweka kizibo cha chupa ya maji chenye rangi, na hapo hata dawati likisukumwa rangi haimwagiki. Nikawagawa watoto makundi 11. Makundi sita yanapaka rangi ndani, matano yanachora kwa penseli chini ya mwembe mbele ya mlango ninapowaona, wiki inayofuata wanabadilishana. Kila kundi lina mtu wa maji, mtu wa rangi na mtu wa kamba wa kuanika picha kwa vibanio vya nguo. Mwingine hanyanyuki. Dakika kumi za mwisho ni za kuosha na kuanika, na hizo sizipunguzi hata kama mtoto yuko katikati ya jani la mgomba. Anamalizia wiki ijayo.

Rangi tunatengeneza wenyewe. Napika uji mwembamba wa unga wa muhogo, nauchuja, natia chumvi kidogo usichache upesi. Humo tunakoroga mkaa uliotwangwa, udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, na manjano ya sokoni, kile kiungo cha mchuzi. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, kila mtoto na chake, pamoja na vipande vya sponji ya godoro kuukuu. Karatasi ni maboksi ya dukani, upande wa ndani.

Mzazi mmoja aliniuliza kama haya ni masomo au michezo ya matope. Nilimweleza habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake duniani kote. Baba yule alinisikiliza mpaka mwisho, na wiki ile akamleta mwanawe na gunia la maboksi.

Sasa nieleze siku ambayo sitaisahau. Mtu wa maji wa kundi la tatu alikosa maji kwenye ndoo yetu, akakimbilia jikoni akachota huko. Mara nikasikia sauti: "Mwalimu, njoo uone! Jua langu limeiva!" Nikainama. Jua alilopaka kwa manjano lilikuwa linageuka mbele ya macho yangu, kwanza rangi ya chungwa, kisha wekundu wa tofali, kuanzia pale brashi yenye maji ilipogusa. Darasa zima likasimama, na safari hii sikuwakalisha.

Nikaenda kwa mama mpishi. "Mama, ndoo hii ulitia nini?"

"Majivu, mwalimu. Ya kusugulia sufuria."

Manjano ikikutana na maji ya majivu au sabuni hugeuka nyekundu. Nilikumbuka nikiwa mtoto kitambaa chenye doa la mchuzi kilivyobadilika rangi beseni likitiwa sabuni. Nikatuma mtoto mmoja nje, na Muheza hukosi limau. Tone moja juu ya lile jua jekundu, na palipoguswa pakarudi njano. Walipiga kelele mpaka Mwalimu Mkuu akaja mlangoni, nikamwonyesha, akaomba limau ajaribu mwenyewe.

Tangu hapo kila kundi lina kizibo cha maji ya majivu na kipande cha limau. Manjano moja inawapa rangi tatu, na hakuna aliyenakili kwa mwenzake, maana kila mmoja ana mahali pake pa kudondosha.

Wiki chache baadaye picha za karibu na dirisha zilianza kupauka. Manjano haistahimili mwanga. Mtoto yule wa jua alinifuata asubuhi, akaniamkia, akasema polepole, "Mwalimu, jua langu limezama." Nilihamishia picha zote ukuta wa nyuma, nikampa boksi lake na vizibo vyote achague. Alivitazama kwa muda, akaichomeka brashi kwenye udongo mwekundu.