Nilivyopata pa kukimbilia Dar bila kuungua jua

Naishi Sinza, huwa nakimbia kwa mazoezi, na shida yangu ilikuwa jioni, lami bado inatema joto, bodaboda wanapita hadi njia ya waenda kwa miguu, ukikwepa bajaji unamvaa muuza mahindi. Nikahamia alfajiri. Saa 11 na nusu natoka, siku za kazi napandisha zangu Mlimani chuo kikuu, miti kibao na gari chache, vile vilima vitakukomesha lakini utazoea. Jumapili ndo Daraja la Tanzanite, kilomita 1 na ushee juu ya bahari, upepo safi, halafu nashukia ufukwe wa Coco ila cheki kwanza maji kama yamekupwa, mchanga uliolowa ndo mgumu, ule mkavu unaumiza enka balaa. Januari na Februari saa 1 asubuhi niwe nishafika hom, jua la miezi hiyo halina utani.