Hatua 90

Mjomba wangu aliendesha malori kati ya Mombasa na Kigali kwa miaka 22, na ndiye aliyenifundisha kushika usukani, kwenye Corolla yake kuukuu, Jumapili asubuhi, uwanjani hapa Busia. Alianza na vioo. Wiki mbili nzima hakuniruhusu kuwasha injini. Nilikaa, nikafunga mkanda, nikatazama kioo cha kulia, cha kati, cha kushoto, kisha nikamweleza nilichoona nyuma yangu: mbuzi, mtoto, mama mwenye ndoo. Nilichoka na mafunzo yale. Nilidhani udereva ni kazi ya mikono na miguu.

Desemba 2014 nilikuwa na miaka 20, na pamiti yangu, yaani leseni ya udereva, ilikuwa na miezi minne tu. Kaka yetu mmoja wa ukoo alikuwa anakwenda Iganga kutambulishwa kwa wakwe, siku ya kwanjula. Mjomba alikuwa safarini, akaniachia gari nimpeleke mama mdogo na binti yake. Hotuba zilirefuka, chakula kikachelewa. Saa tisa alasiri vijana wenzangu waliniletea bia, na nilipoimaliza wakaniletea ya pili, chupa za nusu lita. Hakuna aliyenilazimisha.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, jua likielekea kuzama, nilinawa uso kwa maji baridi, nikanywa chai ya tangawizi, halafu nikaenda nyuma ya gari nikasimama kwa mguu mmoja kujipima. Nilisimama imara. Mama mdogo akaniuliza, "Baba, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, mama, tupande. Sikumdanganya. Nilisema nilichokiamini, na hapo ndipo ninapoumia hadi leo, kwa sababu pombe huanza kuilegeza akili ileile unayoitumia kujipima.

Sheria ya Uganda ilimwekea dereva wa kawaida kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Nimeipiga hesabu ya siku ile mara nyingi: bia mbili, zaidi ya saa nne, kijana wa kilo 60. Huenda kawunyemu, kile kipimo tunachopuliza mbele ya polisi, kingeniruhusu nipite. Lakini jicho huanza kuchelewa na mguu huanza kuchelewa kabla hujafika kwenye kikomo hicho. Na ini huichoma pombe kwa mwendo wake lenyewe. Chai haikuliharakisha, maji baridi hayakuliharakisha.

Tuliupita mji mdogo wa Idudi, katika eneo la Busoga, giza limeshaingia. Katika senta nilipunguza mwendo kama nilivyofundishwa, halafu barabara ilipofunguka nikapanda hadi 80. Mama mdogo alikuwa anasinzia. Mkono wa kulia shambani kulikuwa na mwembe mkubwa ulioegemea barabara. Naukumbuka kwa sababu taa ziliupiga wakati uleule simu yangu ilipowaka mapajani. Ujumbe ulikuwa wa rafiki aliyebaki kwenye sherehe, akiuliza kama tumefika. Nikausoma. Nikaanza kujibu kwa kidole gumba, neno moja tu, "Bado".

Binti wa mama mdogo ndiye aliyepiga kelele. Nilipoinua macho niliona gunia la makaa likiwa limejaza kioo chote cha mbele, na miguu ya mtu chini yake. Nikakata usukani kulia na kukanyaga breki kwa pamoja. Kioo cha pembeni kikagonga kitu. Gari likaserereka, likavuka upande wa magari yanayokuja, likashuka ukingoni na kuzama kwenye matope na mafunjo. Hakuna lori lililokuwa linakuja. Katika barabara ile, ambayo usiku hupitisha malori ya Mombasa moja baada ya jingine, hakuna lililokuwa linakuja. Mikanda ilitushika. Sisi watatu tulitoka tukiwa na michubuko.

Kijana yule alikuwa amelala kando ya baiskeli yake, mkono wa kushoto umepinda mahali mkono haupindi. Alikuwa wa rika langu. Neno lake la kwanza, kwa Kiswahili, lilikuwa, "Makaa yangu." Mama mdogo alivua leso yake akamfunga mkono, akawa anamwita mwanangu, mwanangu. Watu walitoka gizani, wakamchukua kwa pikipiki hadi hospitali, nami nikapelekwa polisi kuandika maelezo. Niliandika yote, bia na simu.

Watu wengi, hata wa nyumbani, waliniambia kosa lilikuwa lake kwa kuwa baiskeli haikuwa na taa wala kiakisi. Sikulipokea neno hilo na silipokei sasa. Barabara zetu ni za watu wanaotembea kwa miguu, watoto wanaotoka kisimani, baiskeli zilizobeba matoke na makaa. Dereva anayeingia barabarani Busoga usiku anajua kwamba wako pale. Mimi nilijua. Tulimlipia matibabu, lakini kiwiko hakikunyooka tena, na baiskeli ya magunia haisukumwi kwa mkono mmoja. Aliacha kazi hiyo.

Mjomba alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Malaba habari zilipomfikia. Alifika alfajiri kwa taksi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kichwani na mikononi kuona kama nimeumia. Hakunigombeza. Kabla ya kwenda kulivuta gari alinipeleka barabarani, akaniuliza, "Simu iliwaka ukiwa wapi?" Nikamwonyesha mwembe.

"Uliitazama kwa muda gani?"

"Kidogo tu, mjomba. Kama sekunde tatu."

"Kwa mwendo wa 80, kila sekunde moja gari linakula mita 22. Simama hapa chini ya mwembe." Akaushika mkono wangu akauweka begani kwake. "Fumba macho. Tembea, uhesabu."

Tulitembea kwenye nyasi, kando ya lami. Nilisikia lori likija mbele, nikataka kufungua macho, akasema, "Bado." Upepo wake ukanipiga kifuani. Nikasikia sauti za watoto, kengele ya baiskeli, mtu akimsalimia mjomba kwa Kisoga naye akiitikia. Hatua 40. Hatua 60. Nilikuwa nimeanza kulia na sikuwa na uhakika tena kama nyayo zangu ziko kwenye nyasi au barabarani. Hatua 90 akasimama.

"Fungua."

Tulikuwa mbele ya doa jeusi kwenye lami, pana kama mkeka, ambapo magari ya usiku kucha yalikuwa yamesaga makaa yake.