Amsterdam au Lisbon: nilivyochagua mji kwa magoti ya mama

Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi akiwa na magoti mabovu na ahadi yangu moja: kabla hajafika miaka sabini nitampeleka Ulaya. Ahadi yenyewe niliitoa siku ya furaha, hata nauli siijui. Yeye hakuisahau. Kila Ijumaa nikienda kwake Kibokoni, Mombasa, kula mchana, alikuwa akitoa bati lake la biskuti la zamani, lile analowekea sindano na nyuzi, lenye picha ya kinu cha upepo na shamba la tulipu. Hugonga kifuniko kwa kidole.

"Hapa. Nataka kuyaona maua haya kwa macho yangu."

"Hapa" maana yake ni Uholanzi, na kwa mtu anayeanzia Kenya maana yake ni Amsterdam. Mimi moyo wangu ulikuwa kwingine. Nimelelewa chini ya kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na wakatolewa ndani yake na Waomani 1698, na tangu utotoni nimekuwa nikijiuliza watu hawa walitoka mji gani hata wakaja kutupigia mizinga mlangoni. Nilitaka kwenda Lisbon. Nilipomwambia mama alicheka mpaka akatoa miwani.

"Wareno? Mwanangu, tuwafuate kwao kufanya nini? Kudai fidia?"

Mwanzoni nilijaribu kukwepa uamuzi kwa kwenda kote kuwili. Wakala mmoja wa safari hapa mjini alinipangia siku nane, miji mitatu, Paris ameitia kama nyongeza bila hata kuombwa. Kwenye karatasi ilipendeza. Kisha nikahesabu ni mara ngapi mama atapanda na kushuka ndege na treni na begi lake, nikaikunja karatasi.

Lakini kilichonilazimisha kweli kuamua ni viza. Ile ya Schengen, moja inayoingilia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo huwezi kusema tutajua tukifika. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Juu yake kuna bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na hoteli iliyokwisha wekwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Nilianza Januari 2025 kwa safari ya Aprili, na likizo niliyopewa kazini ilikuwa ya tarehe 22 Aprili hadi Mei mosi, haisogei mbele wala nyuma.

Nikafanya kama wafanyavyo wengi. Karatasi, mstari katikati, huku Amsterdam huku Lisbon, majumba ya makumbusho, makanisa, mito. Wiki mbili nzima karatasi ile haikuniambia kitu. Kila mji una vitu vizuri kupita siku zako. Ukivihesabu, mizani haiinami.

Usiku mmoja nikachukua daftari la mraba nikaandika siku moja tu. Sikuandika siku ya kuwasili wala siku ya tamasha, bali siku ya katikati, Jumatatu au Jumanne, kuanzia alfajiri mpaka mama anapozima taa. Saa kwa saa: ameamkia wapi, ameshuka vipi, amekula nini, amekaa wapi, choo kiko wapi, ameswali wapi, amerudi vipi. Ukurasa mmoja Amsterdam, ukurasa mmoja Lisbon.

Amsterdam ilianza vizuri. Ndege ni moja kutoka Nairobi, saa nane hivi, huna kubadilisha. Mji ni tambarare kama meza, na wazo la mama ndani ya mashua kwenye mifereji, amekaa, mji unapita mbele yake, lilinipendeza mno. Shida ilianza pale pa kuamka. Nyumba za zamani za kando ya mifereji ni nyembamba na ngazi zake zimesimama kama za kupandia mnazi. Kule juu ya paa nyumba nyingi zina boriti yenye kulabu, ya kuvutia makabati kwa kamba kupitia dirishani, kwa kuwa ngazini hayapiti. Hoteli ndogo ndogo nilizoweza kulipa zilikuwa ndani ya nyumba za aina hiyo. Nikajiuliza, na mama je, tumfunge kamba?

Zenye lifti zilikuwepo, ila tarehe zangu ziliangukia Siku ya Mfalme, sikukuu ya taifa ya Uholanzi. Kwa kawaida huwa 27 Aprili, lakini mwaka ule ilikuwa Jumapili, basi ikarudishwa Jumamosi 26. Mji mzima huvaa rangi ya machungwa na vyumba hupanda bei kama nauli za Krismasi. Chumba cha kawaida kilikuwa karibu mara mbili ya nilichoona Lisbon, na juu yake kodi ya wageni ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Lisbon hutoza yuro 4 kwa kila mtu kwa usiku, basi.

Nikaendelea na ukurasa. Bustani ya Keukenhof iko Lisse, kama kilomita 40 kutoka Amsterdam, ina vitunguu vya maua kama milioni saba, na mwaka ule ilikuwa wazi mpaka 11 Mei. Basi kwenda, kutembea, basi kurudi. Hali ya hewa nyuzi 13 au 14 mchana, na magoti ya mama baridi huyajua kabla yake. Kisha jambo ambalo sikulitarajia: mwishoni mwa Aprili jua la Amsterdam huzama karibu saa tatu usiku, na isha huingia karibu saa tano. Mama akishaswali isha hulala. Atakaa macho akingojea, au atachanganya kwa udhuru wa safari, na namjua, atangojea.

Ukurasa wa Lisbon ulianza vibaya. Mji ule ni vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vyeupe vinavyoteleza hata bila mvua. Alfama, mtaa wa kale ambao kila mtu hupiga picha, ni ngazi tupu. Nilikaribia kuufuta. Ila nilipotazama ramani vizuri nikaona kuna bonde katikati, Baixa, lililojengwa upya baada ya tetemeko la Novemba mosi 1755, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na tambarare. Ukitoka hapo, tramu namba 15 hufuata mto Tagus mpaka mtaa wa Belém bila kupanda kilima. Joto la mchana karibu nyuzi 20. Magharibi huingia kabla kidogo ya saa mbili na nusu.

Niliwaandikia hoteli nne za Baixa swali moja tu: lifti inaanzia barabarani, au kuna vidato kabla ya kuifikia? Ukisafiri na mzee uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Hoteli tatu zilijibu, na moja ilikiri kwamba lifti yake inaanzia ghorofa ya kwanza. Kwenye tovuti ilikuwa imeandikwa tu "kuna lifti".

Ijumaa iliyofuata nilimsomea mama kurasa zote mbili, yeye akiwa anachambua mchele. Hakuuliza bei.

"Hii siku ya Amsterdam," akasema, "mchana mimi nimekaa wapi?"

Nikatazama. Kwenye mashua, saa moja. Baada ya hapo sikuwa nimemkalisha popote.

"Na hii nyingine?"

"Benchi, kando ya mto. Saa nane mpaka alasiri."

Akapeta mchele mara mbili tatu. "Haya. Twende kwa Wareno wako."

Bati la biskuti lilikuwa pale pembeni. Hakuligusa, nami nilijifanya sikuliona.

Tuliruka kupitia Istanbul. Kiti cha magurudumu cha uwanjani nilikiomba siku ya kukata tiketi, bila malipo, na nilimdanganya mama kuwa ni utaratibu wa shirika kwa abiria wote waliostaafu. Viwanja vyote vitatu tulipita kama wakubwa.

Siku ya pili yetu ilikuwa 25 Aprili, siku ambayo mwaka 1974 wanajeshi wa Ureno waliangusha udikteta na watu wakawatia maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Vita vya makoloni viliisha kwa mapinduzi yale, na mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Nilijua habari hii, ila sikujua kwamba watu bado hutoka maelfu kwa maelfu wakiwa na ua moja moja mkononi. Bibi mmoja wa rika la mama alimpa lake. Ua hilo wao huliita cravo, na neno hilohilo ndilo la karafuu. Mama alilinusa, akatikisa kichwa, "Si karafuu hii," lakini alikaa nalo kwenye glasi ya hoteli mpaka siku ya kuondoka.

Kumbe maneno ndiyo yaliyomfungulia mji. Mfanyakazi wa usafi alipokuja chumbani, mama alitaka kubadilishiwa foronya. Mimi nikaanza kutafuta kwenye simu. Yeye akanyoosha tu mkono kitandani, "Foronya," na yule mama akaitika papo hapo, "Fronha! Sim, sim." Walitazamana kama watu waliowahi kukutana. Tangu hapo ikawa kazi: meza, mesa, leso, lenço, nanasi, ananás, bendera, bandeira. Dukani akaona chamuça kwenye kabati la vioo akasema wametuibia sambusa. Na katika duka moja la Baixa lililoning'iniza chewa waliokaushwa kwa chumvi, alisimama mlangoni, akavuta pumzi. "Ng'onda!" Si ng'onda, ni bacalhau, lakini pua yake haikuwa mbali.

Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa la Jerónimos kule Belém, karibu na mlango, bila kidato cha kusumbua. Alifia Cochin, India, 1524. Mifupa yake iliwekwa hapo 1880. Mama aliitazama ile sanamu ya mawe iliyolala imekunja viganja. "Ndiye huyu aliyefika kwetu?" Nikasema ndiye, Aprili 1498, mwezi kama huu. "Mfupi," akasema, akaenda kutafuta pa kukaa.

Kisha ikaja Jumatatu 28. Saa tano na nusu asubuhi tulikuwa kwenye duka la vyakula karibu na Martim Moniz, la kijana wa Bangladesh, taa zikazimika. Nilidhani ni duka. Tukatoka nje, taa za barabarani zimekufa, tramu imesimama katikati ya njia, watu wanatoka mashimoni kwenye vituo vya treni za chini. Karibu Ureno nzima na Uhispania, kama tulivyokuja kusikia.

"Kwani hata huku stima hupotea?" mama akauliza, na kusema kweli kulikuwa na furaha kidogo katika sauti yake.

Kadi zangu hazikuwa na faida tena, mashine zote zimelala. Pesa taslimu nilikuwa nazo yuro saba. Mama akageukia ukutani, akafungua fundo la leso aliyojifunga ndani, akatoa noti za yuro 120 ambazo nilimkataza kubeba. Yule kijana hakuhangaika, alitoa kalamu akajumlisha kwenye ubao wa boksi. Tulinunua maji, mkate, ndizi na mishumaa, na nyuma yetu foleni ilikwisha fika barabarani.

Hoteli yenye lifti inayoanzia barabarani ikawa hoteli ya ghorofa tatu za ngazi. Wiki nzima za utafiti wangu zimekatika na umeme. Mhudumu wa mapokezi alituwekea viti viwili mlangoni, tukakaa hapo mchana kutwa. Watu wa mtaani walitoa viti vyao pia, mmoja ana redio ya betri amezungukwa na watu kumi. Mama alikuwa mtulivu kuliko Lisbon nzima. Alimfundisha yule mhudumu kusimamisha mshumaa kwenye kikopo chenye mchanga.

Jua lilipotua tukapanda. Vidato sitini na viwili. Alivihesabu kwa sauti, akipumzika kila kumi, nami nyuma yake na tochi ya simu. Kwenye arobaini akasimama muda mrefu. "Wale wa Amsterdam," akasema akihema, "hivi ndivyo kila siku?" Umeme ulirudi usiku tukiwa tumelala, taa zote zikawaka kwa mpigo na mama akaniambia nikazime, tunamaliza stima ya watu.

Sasa Kibokoni hasimulii kaburi la da Gama wala mto wala ua. Anasimulia siku Ulaya ilipopotelewa na stima na mwanawe mwenye kadi tatu akalishwa na leso ya mamake. Majirani wawili bado hawaamini, na kila wakibisha mama hunipigia simu nithibitishe, hata nikiwa mkutanoni.