Heinze, beki aliyenifundisha kununa

Agosti 2007 nilivua jezi yangu namba 4 nikaisokomeza chini kabisa ya sanduku. Gabriel Heinze, beki wangu wa kushoto pale Manchester United, alitaka kwenda Liverpool, mahasimu wetu wakubwa. Angesema Hispania au Italia ningemsindikiza kwa dua. Liverpool! Shabiki wa Manchester United ataelewa; wengine chekeni tu.

Kisa chenyewe kilikuwa barua. Klabu ilimwandikia kwamba akipatikana mnunuzi mwenye pauni milioni 6.8, ataachiwa. Yeye akaishika barua kama ilivyo. Klabu ikasema mnunuzi tuliyemkusudia ni wa nje ya Uingereza. Shauri likafika mbele ya jopo la Ligi Kuu, klabu ikashinda, na kabla mwezi haujaisha jamaa yuko Real Madrid.

Niliumia kwa sababu nilimpenda kwelikweli. Alitua 2004 akitokea PSG ya Paris, akapitia kwanza Olimpiki ya Athens kuchukua dhahabu na Argentina, kisha mechi yake ya kwanza, dhidi ya Bolton, akafunga. Mwisho wa msimu mashabiki wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Beki, tena mgeni, kwenye timu yenye Rooney na Ronaldo! Mbio za kutisha hakuwa nazo. Alikuwa na ubishi. Winga akimpita mara moja, mara ya pili anakuta mguu umeshatangulia, na refa atajua mwenyewe la kufanya.

Septemba 2005, dhidi ya Villarreal, goti likamsaliti. Msimu ukaishia pale. Januari akaletwa Patrice Evra, na aliporudi, kiti chake kilikuwa na mtu. Siku hizi nadhani safari ya Liverpool ilianzia kwenye goti lile, ila 2007 nilikuwa kijana na sikutaka kusikia.

Madrid alipata taji la ligi 2008. Mwaka uliofuata akarudi Ufaransa, na nadhani umeshakisia: Marseille, mahasimu wakubwa wa PSG. Nikacheka peke yangu. Paris nao waonje! Marseille walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1992; Mei 2010 wakautwaa kwa kuifunga Rennes 3-1, na bao la kwanza lilikuwa frikiki ya Heinze. Mwezi uliofuata, Kombe la Dunia, Johannesburg, dakika ya 6: kona ya Verón, kichwa cha Heinze, Nigeria imelala 1-0. Mimi nilikuwa upande wa Nigeria. Nikajikuta nimesimama, mikono juu, wenzangu wananitazama.

Baada ya msimu mmoja Roma, akarudi Newell's Old Boys ya Rosario, klabu aliyoiacha 1997 akiwa na miaka 19 kwenda Valladolid. Mwaka 2013, chini ya kocha Gerardo Martino, akabeba nao ubingwa wa Argentina, na 2014 akatundika daluga akiwa palepale. Kumbe ya moyoni ilikuwa hiyo. Sisi wengine tulikuwa vituo vya basi.

Nikamsamehe. Jezi nikaitoa sandukuni, nikaifua.

Halafu 2025 karudi Uingereza kama kocha msaidizi wa Mikel Arteta, waliyecheza naye PSG. Arsenal, jamani. Huyu mtu ananitafuta.