Nimepona, ila nyuso zinanishinda

Watu wananipongeza kwa kupona, nami nashukuru kwa dhati. Ugonjwa ulionipata wa kuvimba ubongo unaoletwa na virusi vya herpes (ndiyo, jamii ile ile ya vidonda vya mdomoni) uliua wagonjwa wengi kabla ya dawa ya asiklovia kupatikana. Mimi niliipata mapema kwa njia ya mshipa, homa ikashuka, nikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kilichobaki hakionekani kwenye kipimo cha damu. Furaha usoni naitambua, meno si yako nje! Hofu na hasira ndizo zinanichanganya. Mke wangu akishtuka, nadhani amekasirika. Naanza kujitetea, naye anakasirika kweli. Daktari wa neva alinieleza kwamba virusi hivi hushambulia zaidi sehemu za pembeni za ubongo, usawa wa masikio, ilipo amigdala, ambayo hutusaidia kusoma hofu kwenye uso wa mtu. Maelezo hayo yalinipa nafuu kuliko pole zote, maana nilishaanza kujiona nimekuwa mtu mkavu, asiyejali.

Hisia zangu mwenyewe nazo ni mtihani. Moyo unaenda mbio, sijui ni woga, uchovu au njaa tu. Mwanasaikolojia ananifundisha kuanzia mwilini: kifua, tumbo, mabega, ndipo nitafute jina la hisia.

Nyumbani tumekubaliana kuambiana waziwazi: "nimeogopa", "nimeudhika". Binti yangu amenogewa mno, siku hizi anatangaza hata anapochoshwa na hadithi zangu.