Nilivyoacha fegi kwa vepu, halafu vepu yenyewe nikaihamishia Msangamkuu

Nimevuta miaka 19. Nilianzia sekondari kule Masasi, nyuma ya bweni, na mpaka mwaka juzi nilikuwa kwenye fegi 20 kwa siku, msimu wa korosho zinafika 25 maana mimi ni karani wa ghala hapa Mtwara mjini na malori tunayapokea mpaka alfajiri. Leo nina miezi 14 sijavuta sigara na miezi mitano sijagusa vepu, ile sigara ya umeme inayotoa mvuke. Naandika kwa kuwa watu wananiuliza kila wiki, na kwa kuwa ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea karibu nusu mwaka na bado unaniuma.

Sababu ya kuacha ni moja tu, mwanangu wa miaka sita nikimbeba alikuwa anageuza uso upande wa pili. Hakusema kitu, anageuza tu. Basi.

Vepu niliagiza kwa jamaa wa Dar, ikaja na basi, nikaipokea stendi kama elfu 80 hivi pamoja na juisi yake, kile kimiminika cha nikotini unachojaza ndani. Kwenye simu akaniambia, "Kaka anza na nikotini namba 3, kidogo kidogo, sigara usiache ghafla utaumwa, na usiogope huo ni mvuke wa maji tu." Maneno matatu na yote matatu yalinigharimu.

Siku ya kwanza sikuifaidi kabisa. Nilijaza juisi, nikabonyeza palepale, nikavuta. Aisee! Kama umelamba gunia linaloungua. Nikakohoa mpaka mke wangu, mama Zuhura, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikajua nimeuziwa mbovu, nikampigia jamaa nikamfokea, yeye anasema iko sawa, mimi nasema siyo sawa, tumeshinda hivyo siku mbili. Kumbe mle ndani kuna koili, kiwaya kinachopasha juisi, imezungushiwa pamba, na pamba ikiwa kavu inaungua yenyewe. Koili mpya unaidondoshea juisi matone machache kwenye pamba, unajaza, unaiacha dakika kumi ndipo unavuta. Dakika kumi tu! Hakuna aliyeniambia, na koili ile ilishaungua ikabidi niagize nyingine, nauli ya basi tena, siku nne nikarudi kwa Mangi kununua fegi moja moja.

Koili ikaja, nikaanza vizuri. Tatizo likawa ile namba 3. Namba ile ni miligramu za nikotini kwenye kila mililita, na mashine yangu ilikuwa hizi ndogo za mvuke kidogo. Mtu wa fegi 20 ukimpa 3 kwenye kimashine kama kile ni kama kumpa msukuma mkokoteni uji mwepesi. Nikawa navuta vepu asubuhi mpaka jioni, arosto haiondoki, mikono inatetemeka nikiandika risiti, natoka nje ya ghala navuta fegi. Ndani hairuhusiwi, magunia ya katani yale yakishika moto hakuna wa kuyazima. Nikipiga hesabu jioni, fegi nane, tisa, na vepu juu yake. Nikajisifu kwamba nimepunguza. Miezi mitano hiyo!

Aliyenizindua ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, nesi. Alikuja kwenye msiba akaniona nina vepu mkono wa kulia na fegi kushoto. Akanivuta pembeni, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe hujaacha, umeongeza." Akanieleza taratibu. Kinachokufunga ni nikotini, lakini kinachokuua zaidi ni moshi wa kitu kinachoungua, ile lami na ile gesi ya kaboni monoksaidi. Vepu haiunguzi tumbaku ndiyo maana kwa mvutaji ina nafuu, lakini nafuu hiyo unaipata ukiacha sigara yote. Ukibaki na chache, moyo wako haukusamehe, maana hata anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayobeba wa 20. Hiyo nusu ilinikaa kichwani kuliko mahubiri yote niliyowahi kupewa. Na siyo mvuke wa maji, ni propilini glaikoli na gliserini na nikotini na viungo vya ladha, akasema chupa ile mtoto akiinywa ni sumu. Usiku uleule nikaitoa dirishani nikaifungia kabatini juu.

Nikaagiza juisi ya namba 20. Fegi zilizobaki nikazilowesha kwenye ndoo, viberiti nikampa mama Zuhura, nikamwambia kuanzia Jumatatu sivuti. Na namba 20 kwa kweli inashika, pafu tatu nne unatulia. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya, hasira, usingizi hakuna, baada ya hapo inashuka.

Siku ya tatu ndiyo nilianguka. Umeme ulikatika saa moja jioni, na anayeishi Mtwara anajua, ukikatika unaweza kurudi usiku au kesho yake mchana. Vepu ikanizimikia mkononi saa nne. Nilikaa kibarazani gizani nikihesabu, saa sita nikatembea mpaka kituo cha bodaboda nikaomba fegi mbili, nikavuta zote. Asubuhi nimenunua pawabenki kama elfu 25, na tangu siku hiyo ilikuwa inalala imejaa. Ukitaka kutumia vepu Kusini huku, pawabenki nunua kwanza kabla ya ladha za maembe.

Mikono nayo ilinisumbua, imezoea kushika. Nikaanza kubangua korosho jioni, zilizokwisha kuchomwa, taratibu na kisu kidogo, moja moja, usiipasue. Zisiwe mbichi tafadhali, mafuta ya ganda lake yanababua ngozi. Mwezi mmoja nyumbani tulikula korosho mpaka majirani wakaleta bakuli. Kikohozi kilizidi wiki za mwanzo, nikaogopa, dada akasema mapafu yanajisafisha, na kweli kikaisha.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo sikukubali. Dada alinisomea utafiti wa Uingereza wa 2019, wavutaji 886, waliopewa vepu asilimia 18 walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, waliopewa bigijii na plasta za nikotini asilimia 9.9, na wote walisaidiwa kwa ushauri. Lakini kati ya hao wa vepu walioacha, asilimia 80 mwaka ulipoisha walikuwa bado wanavuta vepu. Mimi sikutaka kuwa kwenye hiyo 80.

Nikanunua chupa moja ya 20 na moja ya sifuri, ladha moja, ujazo mmoja. Nusu kwa nusu unapata 10. Miezi miwili hapo. Ile ya 10 ukiipiga nusu tena na sifuri ni 5, miezi miwili, halafu 2 na kitu. Mwili hata haujui. Koo linataka, mwili hautaki.

Hilo la koo ndilo nililolipeleka Msangamkuu. Mama yangu anakaa huko, ng'ambo ya maji. Nikampelekea vepu na juisi yake, nikamwambia mama itunze, nikitaka nitakuja. Kuvuta pafu moja ni kushuka mpaka kwenye pantoni, kusubiri, nauli, kuvuka, kutembea kwenye mchanga, kumsalimia mama na kujibu habari za wote, na kurudi. Wiki ya kwanza nilivuka mara tatu. Mara ya tatu nilifika nimelowa mvua, mama akanikaribisha chai na mihogo, tukaongea mpaka jioni, nikakumbuka vepu nikiwa tayari nimerudi upande wa mjini.

Sikuvuka tena kwa ajili yake.

Mwezi uliopita mama akanipigia, "Mwanangu, hiki kitu chako nikichome na takataka?" Nikapiga kelele, mama usichome, ndani kuna betri italipuka! Jumapili nikaenda kuichukua, nikaiacha kwa fundi simu anayekusanya betri mbovu, na mama nikampelekea kilo mbili za korosho nilizobangua mwenyewe.